Springi Iliyokatwa

Kibaya chajitembeza, husemwa.
Hili hata kutembea halikuweza:
lilivutwa kwa winchi, likapanda lori kinyumenyume,
na Kuwabara akalisukuma kwa kiganja kimoja
kama amsindikizaye mgeni aliyechelewa kuondoka.

Datsun ya milango miwili, ya mwaka sabini na mbili.
Pua ndefu, matako mafupi.
Rangi ya zambarau iliyopakwa kwa brashi
(kwa brashi, jamani!),
madigadi za faiba zilizovimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta,
na mabomba mawili ya ekzosi yakipanda nyuma
hadi juu ya paa, yameelekezwa mbinguni
kana kwamba huko ndiko kwenye deni.

Mume wangu alilizunguka mara mbili.
"Shiori," akasema, "angalau mbuzi wa kwenye gunia
hulia."

Mimi nilikuwa nimelala chini yake, tochi mdomoni.

Kuwabara ana miaka sitini na minne. Anauza tofu.
Mikono yake imekuwa myeupe kwa maji ya kila alfajiri.
Nilimuuliza nani alikata springi.
"Mimi."
Akaitazama theluji iliyorundikwa ukingoni mwa barabara.
"Tulitaka liwe chini," akasema. "Kila kitu tulitaka kiwe chini,
isipokuwa sauti."

Sauti naijua.
Nilikuwa na miaka sita, nyuma ya reli, hapa hapa Toyama.
Usiku wa Jumamosi walipita kwa msafara, injini zikibweka,
na mama, mwenye zamu ya alfajiri kwenye kiwanda cha vidonge,
aliketi juu ya godoro gizani, akihesabu kwa vidole.
Watano. Wa sita.
"Wa saba amepita. Lala."

Sikumwambia Kuwabara.
Sikumuuliza alikuwa wa ngapi.
Nilihesabu noti, naye akazihesabu tena, kwa heshima.

Majira yote ya baridi nimekuwa gerejini.
Nilikuja na kitabu cha kiwanda, na kiburi:
kila kilichoongezwa kitatoka, kila kilichotolewa kitarudi.
Chini ya zambarau, nyeusi.
Chini ya nyeusi, nyeupe, ya nani sijui.
Chini ya nyeupe, kijani cha chai iliyopoa,
rangi liliyozaliwa nayo. Nikapiga kelele peke yangu.
Nikakwangua tena kidogo, kwa uchu,
na chini ya kijani kidole changu kikazama.
Kutu haikumngoja mhuni. Ilianza zamani,
ndani ya kile kile nilichokuwa nakiita asili.

Madigadi zilishikwa kwa ribiti sitini na nne.
Nilipong'oa ya kushoto nikakuta penseli juu ya chuma:
34. 34. 33 na nusu, imefutwa.
34 tena, na mstari chini yake.
Kila bolti ilikuwa na washa pande zote mbili,
kila uzi umepakwa grisi.
Alikata ovyo huyu kijana, lakini alifunga kwa adabu.
Sijapiga msasa pale. Napapita kila siku
nikisema kesho.

Springi iliyokatwa hairudi kurefuka.
Nimeagiza nyingine Nagoya; zitafika zikifika.

Jana, saa nne usiku, kabureta zote zikiwa safi,
sikuweza kungoja ekzosi halali.
Niligeuza ufunguo.
Likakohoa, likakataa, likakohoa,
halafu likanguruma kupitia yale mabomba yake ya kijinga
mpaka spana zikacheza ukutani
na theluji ikaporomoka kutoka paa la gereji.

Ng'ambo ya barabara taa ikawaka.
Mtu akaketi nyuma ya pazia; niliona kivuli cha bega.

Nikazima.
Masikio yakaendelea kulia peke yake.
"Wa kwanza amepita," nikasema kwa sauti ndogo. "Lala."

Kisha nikatafuta spana namba kumi na nne
na kuanza kufungua mabomba.