Kidonge Bado Kinatembea

Gari liliishia kwenye mfereji.
Kutoka hapo Bugarika ni ngazi na mawe tu.
Nikapanda na begi mgongoni, Magesa nyuma yangu na mtungi,
watoto mbele wakituharakisha
kana kwamba tumechelewa harusi.

Ulikuwa umelala ubavu juu ya kokoto zako mwenyewe,
shati limelowa, jasho la baridi,
nyundo bado mkononi.
Mmoja alisema umelewa. Mwingine akasema
ni mambo ya ukoo, aitwe mtu kutoka Magu.
Jirani alikuwa anakumiminia soda mdomoni;
nikamshika mkono: asiyeweza kumeza
huzama kwa kikombe kimoja,
ziwa lote likiwa pale chini linamtazama.

Kidole chako kilikataa sindano.
Miaka ya kuponda mawe imekuvisha kwato.
Cha shahada, cha kati, gumba: hakuna damu.
Tone nililipata kwenye ndewe ya sikio.

Moja nukta sita.

Magesa akafunga mpira, mshipa ukainuka.
Nikasukuma maji ya sukari polepole,
maana yakivuja nje ya mshipa huunguza nyama,
na huo ndio mkono unaokulisha.
Jicho moja likafunguka, likanitafuta.
Nikasema, "Mwadila."
Ukaitikia. Kisha ukauliza
ni nani huyo amekalia kokoto zako.

Wote wakacheka. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

"Nimepona, binti. Shukeni salama.
Lori linakuja saa kumi na moja.
Rundo hili ni shule ya Minza.
Na hospitali mtu huingia na ugonjwa,
hutoka na risiti."

Sikukulaumu. Bei ya kitanda naijua.
Ungekuwa mtu wa insulini, umeamka, umekula,
una mtu wa kukuangalia hadi asubuhi,
pengine ningekuachia maneno mawili nikashuka.
Lakini Minza alileta bahasha ya kaki
nikasoma jina la kidonge.
Viwili asubuhi. Bila uji.
Unga uliisha juzi.

Baba Minza, sukari yangu ni mgeni wa nusu saa.
Kidonge chako ni mpangaji.
Kitalala humo, usiku kitaamka
kianze tena kufagia damu
mtoto akiwa usingizini.

Sikukuambia habari ya Igogo,
mwaka juzi: karatasi niliyotiliwa sahihi,
bakuli la uji lililobaki nusu,
simu ya alfajiri.
Hiyo ni yangu. Naipandisha na begi.

Nilisema tu: kula haya matobolwa, tukae.
Tukakaa. Feri ya Kamanga ilikwenda, ikageuka.
Nane nukta moja, nikakuonyesha, ukatabasamu
kama aliyeshinda kesi.
Tukakaa tena. Magesa alitazama saa, hakusema.
Sikio lile lile:
nne nukta tatu.

Uliitazama namba
kama mtu anayeona maji yakishuka
kwenye ndoo aliyoapa kuwa ni nzima.

Kisha ukamwita mwanao.
"Madebe thelathini na manne. Wakisema thelathini,
waambie wahesabu tena."
Machela ukaikataa, hujafa.
Vijana wanne wakakushusha kwenye kiti cha plastiki
ukiwaelekeza jiwe kwa jiwe:
hili linateleza, lile nililivunja mimi
mwaka aliozaliwa huyu.

Saa tano usiku nilipita wodini Bugando.
Saa mbili, muuguzi alisema, ilikuwa imerudi mbili nukta moja,
na hukuamka, hukugeuka hata.
Dripu ilikuwa karibu. Walikuwa karibu.
Sasa ulikoroma, mdomo wazi,
kwato zako zimekamata ukingo wa shuka
kama mpini.

Simu yako ikatetema juu ya kabati.
Ujumbe wa Minza, maneno machache:
*Wamehesabu mara mbili.*