Shuka la Mlango Mmoja

Kila Oktoba wananijia
wamelaza nywele kwa maji, wamefunga kola hadi kooni.
Nawaambia: vua miwani, toa hereni,
masikio yote mawili yaonekane,
usitabasamu, Marekani haitaki meno.
Picha na fomu, elfu tano. Bahati siiuzi.

Nyuma yao natundika shuka jeupe
nililolinunua hapa hapa Mlango Mmoja,
robota la Nkwimba, daraja la pili.
Marehemu bibi angeliita merikani,
kwake hilo lilikuwa jina la kitambaa, si la nchi.
Pembeni lina mhuri wa bluu uliofifia,
hospitali ya mji nisiojua kuutamka.
Mhuri naukunjia ndani.
Hivyo kila anayeiomba Marekani
nampiga picha akiwa ameipa mgongo.

Ndaki naye alikaa kwenye kigoda hiki.
Mtoto wa Bugarika, kule juu kwenye mawe
ambako maji hupanda kwa ndoo kichwani
na ziwa zima unaliona bure.
(Capri Point wanalilipia.)
Mara ya kwanza hakupata. Ya pili hakupata.
Ya nne jina likatoka,
na mama yake, Limi, akauza kiwanja cha Usagara
kwa nauli, vipimo na koti.

Siku hizi anaitwa Mama Daktari.
Kanisani anapishwa benchi la mbele.
"Ndaki yuko hospitali," husema,
na kweli yuko hospitali.

Mwaka jana, kwenye mfuko wa begi la mtumba,
Nkwimba alikuta kitabu, akanirushia:
"Wewe wa makaratasi, chukua."
Riwaya. Nimeisoma miezi saba
kwa kamusi iliyong'oka gamba.
Mna mwanamke, kwao hakutajwi, ni "Afrika" basi,
anafua mashuka chini ya hospitali,
chumba kisicho na dirisha,
na kila Jumapili anapiga simu nyumbani:
niko hospitali, mama.
Ukurasa wa tisini na moja.
Nilifunga kitabu, nikainuka,
nikalikunjua lile pindo la shuka.

Sijui. Hospitali ni nyingi kule,
na mwandishi si mganga wa ramli.
Ila namdai kitu: kurasa mia tatu,
na hakuna hata moja inayopanda mawe
kumwona yule anayepokea simu.
Mama wa kitabuni ni sauti tu.
Hana magoti. Hana deni dukani.

Juzi Limi akakiona chini ya kaunta.
"Ni cha Marekani? Nisomee."
Nikafungua popote, nikawa natafsiri kwa mdomo:
yule mwanamke nikamvika koti jeupe,
toroli la mashuka nikaligeuza kitanda cha mgonjwa,
msimamizi mwenye matusi nikamfanya profesa.
Jasho lilinitoka kama mtu anayeghushi cheti.

Alisikiliza huku anajipepea na fomu tupu.
Kisha akasema, kama anayetaja bei ya chumvi:
"Kwenye simu ya video Ndaki huficha mikono.
Wiki iliyopita akasahau.
Imechubuka kama yangu
enzi zile nafua mashuka gesti ya Kirumba."

Akavuta kigoda, akakaa
mbele ya shuka, masikio yote mawili nje,
bila kutabasamu.
"Rudi mwanzo," akasema.
"Soma kilichoandikwa."