Karibu Kwisha

Miaka thelathini na mmoja nimepokea simu za mume wangu.
Ged yuko juu ya paa, misumari mdomoni,
mimi niko jikoni, Hartlepool, na daftari la bluu,
nawagawia watu muda ambao hatuna.

"Tunaelekea pazuri," namwambia Bibi Pickersgill,
ambaye beseni lake linadaka matone tangu Pasaka.
"Kazi inakuja," nasema, kana kwamba kazi ina miguu
na imeshapita kituo cha mafuta.
"Nipe tiki mbili." Tiki za saa gani, sijui.

Kila neno naujua uzito wake.
"Karibu kwisha" ni wiki mbili.
"Karibu kabisa kwisha" ni wiki tatu,
maana aliyeongeza neno ana la kuficha.
"Tumevuka nusu": tumeleta ngazi.
"Leo kabla jua halijazama" nalisema Desemba,
jua linapozama saa kumi kasorobo,
na mteja hashtuki mpaka giza limemkuta dirishani.
"Kesho asubuhi na mapema" sikuwahi kuliandika daftarini.
Niliogopa maandishi.

Si uongo. Ged hajaacha paa la mtu wazi hata siku moja.
Ni vile mvua ya hapa haina kalenda,
naye hawezi kulala akijua kigae kimekaa upande.
Na mwenye beseni utamwambiaje hujui?
Sijui haizibi tundu.

Oktoba hii akaanguka. Si kutoka paani;
sebuleni, akitafuta rimoti.

Sasa nimekaa kwenye korido inayonuka dawa ya sakafu,
na nesi kijana, Oonagh, ananilainishia sauti:
"Anaendelea, kipenzi. Polepole, lakini tunafika."
Nikamtazama kama Bibi Pickersgill anavyotazama dari.
Daktari je?
"Wakati wowote kuanzia sasa."

Nikacheka, nikamtisha mtoto wa watu.
Wakati wowote kuanzia sasa!
Hilo ni langu. Hilo nimeliuza
kwa kila mwenye beseni kuanzia hapa hadi Seaton Carew.

Akaniletea chai. Nilitaka kumuuliza
kinachokaribia kwisha ni nini hasa,
ugonjwa au Ged,
maana maneno yenyewe yanapita mlango mmoja.
Sikumuuliza. Ana wagonjwa kumi na wanane
na viatu vinambana, nimeona anavyosimama.

Simu ikalia mkobani. Bibi Pickersgill.
Nilifungua kinywa, na neno lilikuwa tayari ulimini,
limeshavaa koti lake la kazi.

"Sijui," nikasema. "Kwa kweli sijui."

Kimya. Kwa mbali, upande wake,
nikasikia tone. Halafu lingine.
Akasema hana haraka,
beseni lenyewe bado halijajaa.