Saa Ishirini na Mbili na Ushei

Kuponi niliikata gazetini Jumanne,
nikaibana kwa sumaku mlangoni pa friji
kati ya bili ya umeme na miadi ya daktari wa macho.
Turku hadi Stockholm, kisha Turku tena.
Meli inang'oa nanga saa tatu kasorobo usiku,
inarudi kesho yake saa moja jioni.
Stockholm kwenyewe inakaa saa moja tu,
na mwenye tiketi ya bei hii hashuki.

Ensio aliisoma wima, koti bado mwilini,
theluji ikimdondokea viatuni.
"Kwa hiyo tunalipa," akasema, "ili tusifike."

Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha.
Chumba kisicho na dirisha, chini ya magari: yuro thelathini na nane.
Chakula cha jioni, kila mtu ajipakulie: arobaini na mbili kwa kichwa,
na kichwa cha Ensio hakijui ila samaki wa siki na viazi viwili.
Basi la bandarini. Kahawa. Kahawa ya pili,
maana melini hakuna pa kwenda ila kwenye kahawa.
Boksi la chokoleti kwa Hilppa atakayemlisha paka,
kwani wema wa Hilppa haulali, hukaa ukihesabu.
Mia na hamsini na kitu.
Kwa fedha hizo ningenunua buti, zikanivusha baridi tatu.

Nikaulizia. Penye wengi pana mengi.
Hilppa: "Muziki unaanza saa nne, wanaume wamelewa saa tatu."
Binamu yangu Orvokki: "Amka alfajiri tu, upande juu.
Visiwa vinapita karibu hivi,
nilimwona mtu jikoni kwake anakoroga uji,
akaniona, akainua mwiko."
Mwiko huo ulinikaa kichwani siku mbili.

Ijumaa usiku, taa imezimwa, nikamwuliza mara ya mwisho.
Kimya. Nikadhani kalala.
"Meli ile naijua," akasema.
Najua unaijua, nikamjibu, ulichomelea meli
miaka thelathini na mmoja, hukupanda hata moja,
huoni haya?
"Ubavu wa kushoto. Bamba la saba kutoka nyuma.
Ilikuwa Februari, nina homa, mkono unatetemeka.
Msimamizi akapima, akasema sawa.
Mimi nikanyamaza."

Kumbe.
Kumbe ndiyo maana redio ikitaja upepo Baltiki
huacha kijiko mezani, huongeza sauti.
Miaka yote nikidhani mume wangu
ni mpenzi wa habari za hewa.

Sikumwambia kwamba meli imeelea miaka ishirini na sita.
Hesabu hiyo anayo, anayo hadi siku zake.
Sikumwambia kwamba wakaguzi wapo.
Nilimwuliza tu: chumba chetu kiko upande gani?
Akafikiri. Nilimsikia akifikiri, godoro lilikuwa likifikiri naye.
"Namba hizo za witiri," akasema, "ni kushoto."

Asubuhi nikapiga simu.
Binti wa upande wa pili alikuwa na mafua, ana haraka.
Ndiyo, watu wawili. Ndiyo, bila dirisha.
Ensio yuko mlangoni, ameshika kikombe kitupu,
anajifanya anatafuta sukari ambayo hatumii.
Namba? akauliza yule binti. Yoyote?

Nikamtazama mume wangu.
Akaonyesha vidole, kimoja, vitano, kimoja.

Sijui kama inafaa kwa fedha ile. Bado sijui.
Buti zangu zinavuja kisigino cha kulia.
Nimetia mkobani soksi zake jozi mbili,
naye amezitoa, akatia zile nene,
na juu yake, imefungwa ndani ya taulo,
tochi.