Ishirini Nilizorudisha

Saa tisa usiku, Tabata Kimanga.
Majirani wamezima pasi na majiko,
na mshale wa stebilaiza umesimama wima
kwenye mia mbili thelathini, haupepesuki.
Mchana haufiki hata mia mbili na kumi.
Mchana huwa siigusi.

Kadi hii niliinunua Kariakoo, mtaa wa Aggrey,
kwa kijana mwenye duka la upana wa mlango,
aliyeniapia kwamba haijawahi kuchimba sarafu.
Nilipoifungua, vumbi lilikuwa limelala kwenye mapezi
kama unga kwenye nyusi za mtu wa mashineni.
Sikumrudia. Nilichukua brashi ya rangi na spiriti,
nikabandua dawa iliyokauka juu ya chipu,
nikaweka mpya, punje moja ya choroko.
Zaidi ya hapo ni uchafu.

Ya kwanza aliiua Hamduni.
Tulichangia chumba hiki, na deni.
Mwezi wa pili, joto la kutoa mtu ngozi,
alipandisha mwendo, kumbukumbu na volti
kwa usiku mmoja, kama anayesukuma gari bovu mteremkoni.
Ilinuka kama nywele zilizoshikwa na moto.
Tulilipa miezi saba.
Sasa anauza vigae Buguruni, na akipita hapa haingii:
husimama mlangoni, hunusa, huenda zake.

Kwa hiyo mimi nina daftari,
lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Mwendo. Joto. Feni. Mengineyo.
Naongeza kumi na tano, naiacha ikimbie nusu saa,
naandika. Kumi na tano tena. Naandika.
Feni nimeifundisha kuwahi: nyuzi sitini, ianze safari,
isisubiri moto uingie ndani.
Bi Zamda wa chumba cha pili alishaniuliza
kama usiku huwa nasaga mahindi.
Volti sijaigusa.
Chumvi ikizidi mchuzini huitoi kwa kijiko.

Tisini, nyuzi sabini na moja, safi.
Mia na ishirini, nyuzi sabini na nne, safi.
Kwenye mia thelathini na tano, juu ya paa jekundu
la nyumba ya Mama Kokugonza, Goba,
ambayo bado ni msingi na magugu tu,
vikaota vidoa vya kijani.
Nilimsikia kabla hajaiona:
"Mwanangu, haijajengwa imeshapata kuvu?"

Ningeishia hapo. Sikuishia.
Mia na hamsini. Kioo kikawa cheusi.
Feni ikavuta pumzi moja ndefu, ikanyamaza,
na nikasikia mbu, na moyo wangu.
Nikainamisha pua kwenye boksi:
dawa ya mbu, basi.
Nikahesabu hadi mia moja kabla ya kuwasha.

Ilirudi. Nikaishusha hadi mia na ishirini,
nusu saa nzima, paa safi.
Lakini nusu saa ya saa kumi alfajiri
haijui lolote kuhusu saa saba mchana.
Nikatoa ishirini nyingine.
Hizo ni za Februari,
za umeme ukilegea,
za vumbi nitakalochelewa kulipangusa,
za feni siku itakapoanza kukohoa.
Hakuna mteja atakayeziona kwenye picha.

Picha moja ilikuwa dakika hamsini na mbili;
sasa ni hamsini kasoro moja.
Dakika tatu! Hamduni angecheka.
Lakini Mama Kokugonza anataka picha ishirini
kufikia Jumatatu,
na tatu mara ishirini
hata jedwali la mgongoni silihitaji:
ni saa moja ya kulala.

Nikailala.

Asubuhi Hamduni akapita na sampuli za vigae kwapani.
Akasimama mlangoni. Akanusa.
"Umeongeza ngapi?"
"Mia."
"Tu?"
Akatazama daftari kwa mbali,
akaweka vigae chini,
akavua kandambili.