Chaki Sakafuni

Nyuzi kumi chini ya sufuri
ndani ya jengo lililokuwa la nyuzi.
Nimepiga magoti na chaki ya cherehani,
nachora vyumba sakafuni:
hapa mkate, hapa baiskeli,
hapa meza ya mtu atakayejua kuhesabu.
Ukuta ni mstari. Mlango ni pale nilipoacha kuchora.

Bogumiła anaingia bila hodi,
anakata katikati.
"Umepita ukutani," namwambia.
"Miaka ishirini na sita nilisimama hapa,
mashine namba arobaini na moja.
Ukuta gani?"

Afisa wa manispaa, bwana Ireneusz,
ameleta neno ndani ya bahasha: kiatamizi.
Biashara changa zitaatamiwa miezi kumi na minane,
zianguliwe, zitoke, ziwapishe nyingine.
Bogumiła anavua glavu moja.
"Na joto?" anauliza. "Kuku hutoa joto lake kifuani.
Wewe umeleta bahasha."

Tunacheka, mvuke unatutoka vinywani.
Kisha hakuna anayecheka,
maana boila ni ya mwaka niliozaliwa,
na fundi ametaja bei, akairudia polepole
kana kwamba sisi ni wageni wa lugha.

Mji huu, Łódź, jina lake ni mashua,
na mto hauonekani. Waliuzika kwenye bomba
enzi za viwanda, siku moja mwekundu, siku moja wa buluu,
kwa kufuata kitambaa kilichokuwa na soko.
Bado unapita chini ya Bałuty, wanasema.
Nimeweka sikio sakafuni. Nimesikia baridi tu.

Basi tunapanga. Zenon wa baiskeli
anataka dirisha linalotazama reli ya tramu.
Oksana wa mikate analitaka hilohilo;
tanuri lake la mkopo limelala kwa shemeji,
limefunikwa blanketi kama mgonjwa.
Wanagombania dirisha lisilo na kioo.
Nimeandika: kioo.
Nimeandika: vyoo, viwili.
Nimeandika: kodi, nikafuta,
nikaandika tena kwa penseli.

Husemwa mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe.
Niliwahi kulisema hilo jukwaani, nikapigiwa makofi.
Lakini nguvu za Bogumiła zilibaki humu,
zilisokotwa zikawa shuka za hoteli za watu,
na mabega yake hayainuki tena kufikia rafu.
Mtaji wake leo ni kopo la vifungo
na zipu tisini za majaketi ya mtaa mzima
alizozitengeneza kwa malipo ya "nitakuletea kesho."
Kesho hiyo niiweke safu gani ya hesabu?

Nje, maduka matano yamefungwa mfululizo,
la sita linauza pombe,
la saba linanunua dhahabu za marehemu.
Kijana Wit amepaka jina lake kwenye mabati yote matano.
Nilimwomba aje atuandikie kibao.
"Kwa hela?" akauliza.
Nilifurahi. Lilikuwa swali la kwanza la kibiashara
nililolisikia wiki nzima.

Ireneusz anatazama saa. Anataka tarehe ya ufunguzi,
utepe, na sentensi moja kuhusu matumaini.
Nampa tarehe ya boila.

Wakishaondoka, nabaki na chaki.
Bogumiła anarudi kuifuata glavu aliyoisahau,
na safari hii anazunguka,
anaandama mstari hadi pale nilipoacha kuchora,
anakung'uta theluji viatuni,
anabisha hewani mara mbili.

"Bado hatujafungua," namwambia.
"Najua," anasema. "Nimekuja kuulizia kodi."