Mita Mbili na Nusu

Saa tatu asubuhi, mlimani Wales,
manyunyu hayanyeshi wala hayakomi.
Tuko saba. Nesta amegawa glavu
na onyo lile lile la kila Jumamosi:
jiwe ukishaliokota, usilirudishe chini.
Litafutie pahala. Kila jiwe lina pahala pake,
hata hilo lako, lililo kama kiazi cha mwisho guniani.

Ukuta ulizunguka zizi la kondoo
kabla babu wa babu yake Ifor hajaota meno.
Hauna saruji, hauna hata tone la chokaa;
ulisimama kwa uzito na kwa kuelewana
mpaka mti wa miiba ulipouchokonoa ubavu.
Ufa haukuzibwa.
Basi sisi hao, tunajenga.

Ifor alikuwa tarishi miaka thelathini na minane.
Hasemi. Hulitazama jiwe kama bahasha isiyo na anwani,
huligeuza mara moja, hulitia,
na jiwe hunyamaza.
La kwangu hucheza kama jino bovu.
Hulichomoa bila kunitazama, hulipindua, hulirudisha.

Katikati, baina ya nyuso mbili za ukuta,
tunajaza vijiwe vya kiganja.
Wajenzi wa huku pahala hapo hupaita moyo.
Hakuna atakayeuona.
"Msiumwage kwa koleo!" Nesta anafoka.
"Moyo hupangwa kwa mkono, kimoja kimoja,
la sivyo ukuta utaota kitambi."

Saa sita Delyth akapiga ukelele:
kiko cha udongo, kimevunjika shina,
ndani ya moyo wa zamani, na ganda la konokono.
Kikapita mkono kwa mkono.
Ifor akakinusa, akasema neno lake la kwanza la siku:
"Kilimponyoka.
Au alikuwa amechoka kuvuta."
Tukakipiga picha, tukakiandika daftarini,
Nesta akakirudisha kilipolala.
Mfukoni nilikuwa na tiketi ya basi. Nikaitia kando yake.
Itaoza kabla ya Krismasi, najua.
Niliitia tu.

Jioni: mita mbili na nusu.
Zimebaki mia moja na arobaini.
Tulipokuwa tunakunja turubai
kondoo jike mmoja akapanda polepole,
akaunusa ukuta mpya, akautazama kwa makini
kama mkaguzi aliyetumwa na serikali,
kisha akapita
kwenye pengo ambalo hatujafika.